Waliokaa Nyuma ya Shuka

Gari la sinema lilikuja Mpanda kwa ajili ya wanafunzi. Ninalisema hilo kwanza, maana baadaye kila mtu alijifanya amesahau. Mimi nilikuwa kibarua wa gari hilo tangu Tabora: kuwasha jenereta, kutundika shuka la kuonyeshea picha. Shule niliiacha darasa la nne, nikazurura, na kazi ile niliipenda kwa sababu kila jioni niliona kitu nisichokijua. Safari hiyo tulibeba filamu ya mwili wa binadamu. Mtu anasimama, ngozi inaondoka, moyo unadunda, damu inatembea.

Mtoto wa dada yangu alisoma shule ya kati pale, darasa la kujiandaa na mtihani wa kwenda sekondari. Dada alilima mpunga kijijini Mamba ili mwanawe afike huko.

Nilipotundika shuka uwanjani, viti vikaanza kuja. Vya wakubwa wa mgodi na wake zao, vya makarani, vya wenye maduka wa mtaa wa Majengo. Mbele pakajaa. Mwalimu mkuu akapiga makofi.

"Nyie wanafunzi, zungukeni nyuma. Picha inapenya."

Ilipenya kweli, lakini kinyume. Hata maandishi yalianzia kulia. Wavulana wakaanza kutaniana.

"Soma basi, si bingwa wa Kiingereza wewe?"

"Hiki si cha darasani. Hiki cha wakubwa!"

Nikamwendea mwalimu mkuu. "Mwalimu, kwa nyuma mtu yule amegeuka. Wageni wakiondoka, turudie."

"Umekuja kuwasha mashine. Rudi kwenye mashine."

Gari lilikuwa bado linasubiri tairi lije na treni wakati mpwa wangu aliponifuata Misunkumilo, nilikopanga chumba. Walikuwa wamepewa jaribio la kuchagua watakaofanya mtihani: chora moyo mahali pake. Yeye aliuchora upande wa kulia wa mtu. Akafutwa kwenye orodha ya mtihani.

"Mjomba, nilijishika kifua kwanza. Ulidunda kushoto."

"Sasa mbona ukachora kulia?"

"Sinema imetoka Ulaya, Mjomba. Kifua changu kimetoka Mamba."

Nilicheka, kisha nikavaa viatu. Nikaenda shuleni siku hiyo hiyo.

"Aliyeonyeshwa sinema nzima akashindwa, huyo hafundishiki," mwalimu mkuu akaniambia.

"Alionyeshwa mgongo wa sinema!"

"Mbona wenzake wawili wamepata?"

Niliwajua hao wawili. Walikuwa watoto wa karani mmoja, na jioni ile walikaa mbele, kwenye viti, pamoja na baba yao. Nikamwambia hivyo. Akachukua chaki yake, akaingia darasani, akafunga mlango.

Mpwa wangu hakufanya mtihani. Aliingia mgodini kusukuma mikokoteni ya mawe, chini ya wakubwa walewale waliokalia nafasi yake uwanjani.