Siku Mganga Alipompigia Magoti Mama Mkwe

Jamani, mambo mengine mtu huyasimulia ameshika shavu, maana mimi ndiye niliyemtangaza mama mkwe wangu kuwa mchawi, mchana kweupe, mbele ya watu wa Mkunya, nikiwa na ndevu za pamba. Na mchezo wenyewe ulikuwa wa kuwatetea wanawake.

Miaka ile korosho zilikuwa zimeachiwa wanunuzi binafsi, na salfa ya kupulizia mikorosho kila mtu alijitafutia mwenyewe. Aliyepata alivuna, aliyekosa aliangalia maua yakiungua kwa ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe, na mjane akivuna mahali ambapo wanaume wamekosa, basi maneno huanza. Mama mkwe wangu, Bi Asumini, alikuwa mjane wa namna hiyo huko kijijini Mkunya. Aliuza mbuzi wake mapema akanunua salfa, lakini watu waliikumbuka mikorosho tu, mbuzi aliyeuzwa wakamsahau.

Sisi wanawake wa Newala mjini tulikuwa na kikundi cha maigizo, na mchezo wetu ulihusu mambo hayohayo. Kijiji kinamwita mganga, mganga anapita katikati ya watazamaji na usinga wake, anasimama mbele ya mama mmoja na kumwita mchawi. Mama huyo ni mwenzetu, Mama Hadija, aliyekaa na watazamaji kana kwamba naye kaja kuangalia. Anainuka, anajitetea, kikundi kizima kinamzunguka kwa wimbo, na mganga anaumbuka. Tuliucheza Lisekese na Chiungutwa, watu wakatoa machozi. Mganga nilikuwa mimi, kwa sababu tuligoma kumpa mwanamume (wanaume walituambia mwanamke hawezi kutisha, nami nikasema tutaona).

Siku ya Mkunya tulikuwa tunajipamba nyuma ya ghala la korosho, Mama Hadija akanitazama akasema, "Mama Shaibu, mganga gani anavaa miwani?" Kweli, kote tulikopita watoto walikuwa wakiicheka miwani ile. Nikaivua. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo tu, ila mimi bila miwani watu nawaona kama nguo zilizoanikwa.

Ngoma ikapigwa, nikaingia, na wanaume wakanipisha. Niseme ukweli, nilifurahi. Wanaume ambao sokoni hunipiga kikumbo bila hata kugeuka, siku ile walivuta miguu yao nipite, nami nikajiona mtu, nikaongeza mzunguko ambao haumo kabisa kwenye mchezo, nikanusa upepo, nikatikisa usinga mbele ya nyuso zao. Kisha nikamtafuta Mama Hadija kwa khanga yake ya njano upande wa kulia, nikaiona njano, nikasimama, nikainyooshea usinga nikasema, "Mchawi wenu huyu hapa."

Khanga haikuinuka. Waliokaa naye walisogea mmoja mmoja mpaka akabaki peke yake kwenye mkeka, na nyuma yangu mzee mmoja akasema taratibu, "Sisi tulijua." Halafu ile khanga ya njano ikasema kwa sauti ninayoijua tangu siku ya ndoa yangu, "Mama Shaibu, leo hata hujaniamkia."

Nyie mnajua, kwetu mama mkwe haamkiwi umesimama, na magoti yangu yalikunjika yenyewe, ndevu na usinga na kila kitu. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Nikadhani nimetengeneza, kumbe ndiyo kwanza nabomoa, maana watu walichokiona ni mganga aliyewatisha wote sasa anampigia mchawi magoti. "Mmeona?" mtu akasema. "Kamshinda hata mganga." Nikang'oa ndevu, nikawaeleza kwamba huu ni mchezo, huyu ni mama mkwe wangu, nilikuwa sioni vizuri. Hapo ndipo nilipomalizia kabisa. "Kumbe mkwewe," mwanamke mmoja akamwambia mwenzake. "Basi anayajua ya ndani." Mama Hadija maskini alishainuka huko pembeni, akasema maneno yake yote ya kujitetea, tena vizuri, na hakuna aliyemsikiliza.

Bi Asumini alikunja mkeka wake akaondoka.

Nilikaa nyumbani nikiliwaza jambo lile. Tulidhani tumepata nguvu sisi wanawake tuliosimama uwanjani, lakini kilichowafanya wale wanaume wavute miguu ni hofu ileile inayowafukuza wajane kwenye nyumba zao, nami niliivaa ikanikaa vizuri, ndiyo maana nilizunguka mara moja zaidi. Mganga simchezi tena, hata nikipewa miwani ya dhahabu.

Nilipokwenda kumwomba radhi nilimkuta anatoka na ndoo, nikabeba ndoo nyingine tukaongozana bombani. Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida yetu, lakini wanawake walipomwona wakasogeza ndoo zao. "Pita, bibi. Pita tu." Moyo wangu ukatulia, nikamnong'oneza, "Mama, mbona wanakuheshimu sana."

"Hawaniheshimu, mwanangu," akasema, bila hasira yoyote. "Hawataki nikae nyuma yao."

Kisha akabeba ndoo yake mpaka mwisho wa foleni, akaiweka chini. Wakamwambia tena apite. "Nasubiri zamu yangu," akajibu. Mama aliyekuwa mbele yake aligeuka akakaa upande, asimwache mgongoni, na waliomtangulia nao wakaanza kutazama nyuma.

Nikachukua ndoo yangu, nikaiweka mbele ya ndoo ya mama mkwe, nikampa mgongo wote wakiona, na bila kugeuka nyuma hata mara moja nikasubiri maji.