Niliazimisha jina langu Kariakoo, app ikaniuliza nalipa kodi nchi gani

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi. Nimepunguza kidogo tu pale ninapoonekana mjinga kupita kiasi.

Nianze kwa kukiri.

Mnaonikumbuka kwenye nyuzi za kripto, mimi ndiye yule mama aliyekuwa anawaita nyote wacheza kamari. Mmoja wenu akaniuliza kama mimi binafsi sina hata akaunti. Nikamjibu kwa aya sita kwamba sina, na sitakuwa nayo.

Ninayo. Nilikuwa nayo hata siku ile naziandika zile aya.

Utetezi wangu ulikuwa kwamba si yangu, ni jina tu.

Iko hivi. Jirani yangu wa Magomeni, Mama Zuhura, anauza mashuka na mapazia Kariakoo. Mzigo unatoka China, na anayemuuzia huko akaanza kutaka alipwe kwa dola za kidijitali. App ya kutuma hizo dola, ya kampuni ya nje, inataka pasipoti na sura ya mtu. Akaniambia yeye pasipoti hana.

"Shoga, niazime jina lako," akasema, kama mtu anayeazima mwiko.

Nikageuza uso kushoto, nikageuza kulia, app ikaridhika. Ikawa dola zikiingia kwenye akaunti ananipigia, mimi nabonyeza, zinakwenda China. Kisha narudi kuandika makala zangu kuhusu uadilifu.

(Chekeni, nawapa dakika.)

Juzijuzi ameingiza hela ya mzigo wa Idi. Nabonyeza, app imegoma. Inataka kwanza niseme mimi ni mlipakodi wa nchi gani, namba yangu ya mlipakodi, na kama mali hii ni yangu au naishikia mtu mwingine. Kama naishikia, nimtaje. Bila majibu, hakuna kutuma.

Nikamkimbilia Harish, mhasibu mwenye ofisi Kisutu. Tulisoma wote chuo, yeye hesabu, mimi fasihi.

Akanieleza kwamba nchi nyingi zilishakubaliana benki zitaje wageni wenye akaunti kwao. Sasa zimeongeza na kampuni za kripto. Kampuni inaripoti kwa serikali ya kwao, na serikali hiyo inapeleka taarifa kule mteja anakolipa kodi, kama nchi hizo mbili zina makubaliano.

(Sisi tumefikia hatua gani, wenye uhakika watujuze hapa chini. Mimi sikutaka kungoja nijue kwa kuitwa.)

"Wanaripoti faida?" nikamuuliza.

"Nani kakwambia faida? Jumla ya kilichopita kwa jina lako."

Akaniomba simu, akafungua historia ya akaunti, akanionyesha hiyo jumla. Wakuu, nilikaa chini na nilikuwa nimeshakaa. Kwa karatasi, mimi ni mwagizaji mkubwa wa mapazia. Nyumbani kwangu dirisha la jikoni limezibwa na khanga.

"Sasa nijaze kuwa ni zangu, yaishe?"

"Jaza. Halafu siku wakikuuliza biashara yako iko mtaa gani, uwapeleke kwenye makala zako." Akaacha kucheka. "Ukisaini uongo, kosa ni lako. Mtaje mwenye mali."

Nikaenda dukani kwa Mama Zuhura. Nikamweleza.

"Unitaje kwa watu wa kodi? Mimi?"

"Hela si zako?"

"Mama Neema, kama ningetaka kutajwa ningekuja kwako kufanya nini?"

Hapo ndipo nikainua macho. Juu ya meza yake kuna picha yake kubwa, yuko Makka, alipokwenda Umra. Picha hiyo nimeiona miaka. Tende za safari ile nilikula mimi, tena nikaomba nyingine.

"Ulifikaje Makka bila pasipoti?"

Akaanza kukunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.

Sikuwa nimeazimwa jina kwa sababu yeye hana pasipoti. Niliazimwa ili nionekane mimi, si yeye. Na mwenye shahada mbili hakuwahi kujiuliza.

Nikamwambia Ijumaa jioni najaza, na najaza ukweli. Akasema nikijaza hivyo nisimjue tena. Siku zilizofuata tulipishana uchochoroni kama hatujawahi kulea watoto pamoja. Na hela ya mzigo wa Idi imekwama, kwa jina langu.

Somo nalitoa kabisa sasa. Kama kuna akaunti ya benki au ya kripto yenye jina lako na hela ya mwingine, usijidanganye kwamba wewe ni jina tu. Kwenye taarifa hizi, jina ndilo linalosafiri. Waliokutana na swali hili, mlijibu nini? Na wale niliowaita wacheza kamari, njooni mnisute, leo sina la kujibu.

Najua mtauliza iliishaje. Ijumaa mchana simu ikaita. Mama Zuhura.

"Nitaje," akasema, bila salamu. "Niko na mhasibu wangu, tunarekebisha ritani zangu za kodi. Anauliza hela zangu ziko kwa jina la nani."

"Kwa jina langu."

"Hilo najua! Unaitwa nani? Miaka yote hii mimi nakujua Mama Neema."

Nikamtajia, yote matatu.