Siku Niliyoisemea Nairobi

Mwanangu alikuwa na barua mbili na asubuhi moja. Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali kusomea shahada ya pili ya sheria, kimoja Nairobi, kimoja Mombasa, na kile cha Nairobi kilitaka jibu kabla ya saa sita mchana. Niliamka moyo ukinidunda kana kwamba niliyeitwa ni mimi, mimi niliyeishia darasa la saba.

Sijui kama naandika sawa, lakini nitasema kweli. Nilitaka Mombasa. Angesoma wikendi, abaki na kazi yake kwa wakili hapa Malindi, nami nibaki naye nyumbani kwetu, mtaa wa Barani. Kaka yangu, aliyefika mapema kutoka Jilore, alitaka Nairobi. Mwanangu alisema amewaza mpaka amechoka, tumsaidie.

Katika kikundi chetu cha akina mama wasuka makuti tuna desturi: wawili wakibishana, kila mmoja huusemea kwanza upande wa mwenzake, tena kwa haki. Nikaitaka desturi hiyo. Labda nilijiona mjanja.

Kaka akaanza. "Mombasa pazuri. Kuna bahari."

"Ai, mjomba!" mwanangu akacheka. "Bahari hata hapa ipo!"

"Kaka, hiyo si haki," nikamwambia. "Sema kama mtu anayeitaka Mombasa."

Hapo akajikaza. Akasema anayesoma huku anafanya kazi huiona sheria inavyowagusa watu, haisomi vitabuni tu. Alisema vizuri, sina budi kukiri.

Ikawa zamu yangu. Karatasi za vyuo vyote viwili nilikuwa nimezisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Nikasema Nairobi wanafundisha ardhi za jamii mwaka mzima, na Mombasa ni mada moja tu ndani ya somo jingine. Hiyo mada moja ilikuwa imeandikwa ukurasa wa nyuma, na wenzangu hawakuiona. Ningeweza kuinyamazia. Niliwaza kuinyamazia. Lakini mtoto huyu alishika sheria kwa sababu ya wajomba zake wanaolima mashamba yasiyo na hati, na hilo nalo nikalisema. Sauti ikapanda, nikajikuta nimesimama, mwiko wa uji wa asubuhi mkononi.

"Mama, kwani wataka niende?"

"Sitaki hata kidogo."

"Mbona wasema hivyo, basi?"

"Si ndiyo zamu yangu?"

Kaka akajipiga paja. "Dada, ungekuwa wakili wewe, mahakimu wangehama!"

Mwanangu akachukua simu, akabonyeza, akatugeuzia tuone. Amekubali Nairobi. Ilikuwa saa tano na robo. Nikapiga kigelegele mpaka jirani akauliza kutoka uani kwake nani anaolewa.

"Haolewi mtu," nikamjibu. "Mwanangu anakwenda kusomea ardhi!"

Kisha nikaketi, nikaanza kumuuliza mwanangu baridi ya huko ni ya namna gani, na kama sweta moja itatosha.