Maji ya Kwembogoti

Mwaija binti Mwinjuma hakuwa mtu wa kupendwa. Mwenyewe alilijua hilo na halikumnyima usingizi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walimwita Bibi Kajuaje, maana kila aliyemletea habari alimkatiza kwa maswali yale yale: "Kasema nani? Yeye kajuaje?"

Alizaliwa Kang'ata, Handeni, kwa mkulima wa mahindi na mtama. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka michache, kisha akaajiriwa maktabani kugonga mihuri kwenye vitabu, na kutoka hapo akapelekwa Kampala kusomea ukutubi. Aliporudi alipewa kazi ambayo wenzake waliikwepa, yaani kuwafundisha vijana namna ya kutafuta habari: wavute droo za kadi, walinganishe kitabu hiki na kile, waulize nani kaandika, lini, na alikuwa amesimama wapi alipokiona hicho anachokisimulia.

"Mnaingia humu kama mnaingia dukani kwa Ishwarlal," aliwaambia. "Nipe sukari, nipe kibiriti. Kitabu cha kwanza mnachokigusa ndicho mnachokinakili, mpaka na makosa ya mpiga chapa."

Hakuwa na upendeleo. Mtoto wa mkubwa na mtoto wa mkulima aliwadharau sawasawa, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyeweza kumshitaki.

Mwaka 1974, wakati wa likizo ndefu, kundi la wanafunzi lilipelekwa Korogwe na Handeni kuandika juu ya vijiji vya ujamaa. Mwaija akaagizwa kufuatana nao akiwa na masanduku ya vitabu na ripoti, ili awafundishe utafiti huko huko uwanjani. Walipanda treni. Walipofika Mnyuzi, wakati abiria wanagombea ndizi madirishani, alimwona kijana mmoja wa mwaka wa mwisho akiandika kwa kasi, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo. Huyo alikuwa Matayo, msemaji wa wenzake, mwenye sauti ya mkutano wa hadhara hata anapoomba chumvi mezani.

"Unaandika nini, Ndugu Matayo?"

"Hitimisho, Dada Mwaija."

"Hitimisho la nini?"

"La utafiti wangu."

"Utafiti upi? Hata kituoni hatujashuka!"

"Nimetanguliza tu, Dada. Mambo yenyewe yanajulikana."

Mwaija alimtazama kama mtu anayetazama unga wenye wadudu. "Basi panda treni ya kurudi," alisema. "Mtu aliyekwisha kujua yote asipoteze nguvu za kwenda kuuliza."

Wenzake walicheka. Matayo alifunga daftari, akanuna mpaka Korogwe.

Walipewa chumba nyuma ya ghala moja la Abdulhussein, mfanyabiashara wa Korogwe ya zamani, upande wa mto. Mwaija alipanga vitabu juu ya masanduku, akabandika ukutani karatasi ya kuonyesha kila ripoti ilipo. Kila jioni wanafunzi walirudi na vumbi la barabara, na kila jioni aliwachambua. Huyu kaongea na mwenyekiti peke yake, akaandika "wananchi wote wanaafiki." Yule kauliza watu kumi mbele ya katibu, akashangaa kwa nini kumi wote wamejibu kwa maneno ya katibu. Mwaija aliwasikiliza, mkono shavuni, kisha akasema, "Mngebaki Dar mkasikiliza redio. Ingekuwa na faida hiyo hiyo, na viatu vyenu vingepona."

Siku moja Matayo alileta kurasa zake. Alikuwa anaandika juu ya Kwembogoti, bonde moja la Handeni ambako watu wa vitongoji vya Kang'ata walikuwa karibu kuhamishiwa wakajenge kijiji kipya. Ukurasa wa kwanza ulisema Kwembogoti pana maji ya kutosha mwaka mzima. Mwaija alisimamisha kidole hapo. Shangazi yake, Chausiku, alikuwa miongoni mwa watakaohamishwa, na tangu utotoni Mwaija alikuwa hajasikia mtu yeyote akitaja maji ya Kwembogoti ila kwa kicheko.

"Kasema nani?"

"Ripoti ya ofisi ya mipango, ya mwaka juzi. Tanbihi ipo, Dada." Matayo alijigamba kidogo. Tanbihi alikuwa amefundishwa na yeye huyo huyo.

"Na ripoti yenyewe kajuaje?"

Matayo hakujua. Mwaija akamkalisha juu ya sanduku, akamwambia aifuate habari hiyo nyuma, hatua kwa hatua, kama mtu anayemsaka mbuzi aliyepotea. Ripoti ya mwaka juzi iliegemea ripoti ya mwaka 1970. Ile ya 1970 iliegemea hotuba. Hotuba ilisema tu, "kama wataalamu wetu walivyothibitisha." Mtaalamu mwenyewe walimpata katika karatasi mbili za stensili zilizofifia. Alikuwa bwana mmoja aliyepita Kwembogoti kwa Landrova mwezi wa nne, katikati ya masika, akaandika kwamba gari lilikwama kwenye tope na kwamba "inaelekea eneo hili halina tatizo la maji."

Matayo alisoma sentensi hiyo, akairudia.

"Hii ndiyo yote?" aliuliza.

"Ndiyo yote. Ripoti mbili, hotuba moja, na kaya mia ngapi sijui, zote zimekalia tope la Landrova."

Mwaija akaenda posta, akapiga simu maktabani Dar es Salaam, akaomba watafutiwe chochote kilichopata kuandikwa juu ya bonde hilo. Nakala ililetwa kwa treni. Ilikuwa taarifa ya wachimba visima wa zamani za Mwingereza. Walichimba Kwembogoti mara tatu. Mara mbili hawakupata kitu, na mara ya tatu walipata maji ya chumvi yaliyokauka kabla vuli haijaanza.

Matayo aliisukuma karatasi kwa ncha ya kidole. "Hii ni ya mkoloni, Dada. Siwezi kuitumia."

"Na chumvi nayo ni ya mkoloni?"

"Mkoloni alitudanganya mengi."

"Alitudanganya sana," alikubali Mwaija. "Ndiyo maana na yeye hatumwamini hivi hivi. Kesho tunakwenda kuonja."

Ulikuwa mwezi wa nane. Walipanda basi mpaka Handeni, kisha lori la mahindi, kisha miguu. Kwembogoti kulikuwa na majani makavu yaliyokatika yakikanyagwa, na njia za ng'ombe ambazo zote zililikwepa bonde. Matayo mwenyewe ndiye aliyeligundua hilo, na Mwaija hakumsifu, ila alipunguza mwendo ili kijana asichoke. Waliuliza wafugaji, wakauliza wanawake wanaokata kuni, kila mmoja peke yake, mbali na mwenzake. Wakakodi vijana wawili wa kitongoji cha jirani wachimbe katika mkondo mkavu wa kijito. Walichimba mpaka wachimbaji wakazama mabegani, ndipo mchanga ukalowa. Maji yalijikusanya taratibu, rangi ya chai.

Matayo aliteka kwa kata, akanywa, akatema. Akanywa tena kidogo, kama asiyeuamini ulimi wake, akatema tena.

"Andika," alisema Mwaija.

Aliandika, na safari hii ulimi haukumtoka pembeni ya mdomo. Alifuta hitimisho la treni lote. Insha yake ilieleza habari ya tope ilivyozaa hotuba, hotuba ikazaa ripoti, na ikaeleza walichochimba, walichoonja na waliyoambiwa. Mwaija aliisoma mara mbili, akasahihisha koma moja, akasema, "Hii sasa mtu anaweza kuisoma bila kuona haya." Kwa wale waliomjua, huo ulikuwa wimbo mzima wa sifa.

Waliipeleka wenyewe kwa Kaleb, ofisa wa mipango aliyesimamia uhamishaji. Alikuwa mtu mnene, mwenye tabasamu la kukaribisha na kalamu nne mfukoni. Aliwaagizia chai. Aliipokea insha kwa mikono miwili, akapima uzito wake, akasema vijana wa Chuo Kikuu ni fahari ya taifa.

"Ungesoma ukurasa wa tatu, Ndugu Kaleb," alisema Mwaija. "Panapohusu maji."

"Maji yapo. Hilo limekwisha kuthibitishwa."

"Na nani?"

"Na ripoti yetu."

"Na ripoti yenu kathibitisha nani?"

Tabasamu la Kaleb lilipungua kidogo. "Dada yangu, wewe ni mtu wa vitabu. Huku ni utekelezaji. Au ndugu unapinga watu kuishi pamoja?"

"Sipingi watu kuishi pamoja. Waishi pamoja penye maji."

"Nitaisoma," alisema Kaleb. Akaiweka mezani, akaweka juu yake kikombe chake cha chai.

Matayo alikitazama kikombe kile. Walipotoka nje aliuliza wafanye nini tena. Mwaija akasema wamemaliza, wametafuta, wamepata, wamepeleka. Alilisema kwa sauti ya mtu aliyefunga droo.

Watu wakahamishwa mwezi wa kumi. Malori yalibeba vitanda, vinu na kuku. Chausiku, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, alipandishwa juu ya magunia yake mwenyewe. Vuli ikawa haba. Maji yakawa yanaletwa kwa lori la tangi, na lori likiharibika watu walitembea nusu siku na madebe kichwani.

Mwaka uliofuata, maktabani Dar es Salaam, Mwaija alifungua kifurushi cha ripoti mpya za kuorodheshwa. Moja ilitoka kwa Kaleb. Aliifungua kwa mazoea, moja kwa moja penye marejeo, kama mama anayemkagua mtoto masikio. Hapo akakuta jina la Matayo. Akarudi kwenye ukurasa wenyewe. Ulisema: "Kuwapo kwa maji Kwembogoti kumefanyiwa utafiti na Chuo Kikuu."

Alicheka. Alicheka mpaka wasomaji wakainua vichwa, na mkutubi mwenzake akaja kumshika bega akidhani analia. Hakuna neno la uongo katika sentensi ile. Kumefanyiwa utafiti, ndiyo. Walichokiona huko, ripoti haikusema, na Kaleb hata kuifungua insha hakuifungua. Alinakili jalada.

Likizo yake ilipofika alikwenda Kwembogoti. Nyumba zilipangwa mistari miwili iliyonyooka, mizuri kuitazama kutoka garini. Chausiku alikuwa kivulini mwa ukuta, anapepeta mtama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuonja tena?"

Mwaija alikaa chini. Alianza kueleza habari ya insha, ya kikombe cha chai, ya ripoti mpya. Alieleza kwa dharau yake yote, na alimchora Kaleb vizuri na kalamu zake nne, akitazamia shangazi acheke. Chausiku hakucheka.

"Nyinyi mlikuja, mkachimba, mkatema, vijana mliowakodi wametusimulia baadaye," alisema. "Mkaenda kuwaambia Kaleb na vitabu vyenu. Sisi mbona hamkutupitia? Kang'ata hukujua njia?"

"Ningewaambia nini, shangazi? Mlikuwa mnajua hakuna maji."

"Tulijua. Ila tulidhani ni sisi tu tunaojua. Alipokuja mtu na karatasi, akasema wasomi wamepima, mwenyekiti wetu akanyamaza. Angekuwa na hiyo karatasi yenu mkononi, huenda angepata la kusema."

Mwaija aliokota punje za mtama zilizomwagika, akazirudisha ungoni. Alikuwa na majibu ya kila mtu, ya wanafunzi, ya wakubwa, ya maprofesa waliorudisha vitabu vimelowa.  Mbele ya shangazi yake aliona haya, na haya hiyo ilimkaa vibaya kama kiatu cha mtu mwingine.

Kesho yake alimwendea mwenyekiti wa kijiji, akamsomea insha ya Matayo yote, sentensi kwa sentensi, mbele ya watu. Wazee walisahihisha mawili matatu, naye akayaandika pembeni, bila kubisha. Kisha akawaachia nakala. Aliporudi kazini akaanza desturi mpya iliyowaudhi wanafunzi kuliko zote. Hakuna aliyepita somo lake mpaka alete uthibitisho kwamba alichokiandika kimesomwa kwa watu aliowaandika. "Mkishamaliza kuwatafuta watu, warudieni," aliwaambia. "Msiwe kama mimi." Walidhani anafanya mzaha, na ilikuwa mara ya kwanza hakuwa anafanya.

Watu wa Kwembogoti walisubiri kiangazi kingine kimoja. Kisha mwenyekiti, nakala ikiwa mfukoni, akaenda ofisini, akarudi tena, akarudi tena. Hakupewa ruhusa ya kuhama, wala hakupewa barua ya kukatazwa. Watu wakang'oa milango yao mchana kweupe, wakarudi Kang'ata, familia baada ya familia. Kaleb, ambaye wakati huo alikuwa amepandishwa cheo, aliandika kwamba kijiji cha Kwembogoti kimepanuka kuelekea Kang'ata. Mwaija aliiorodhesha ripoti hiyo kama kazi ilivyomtaka, akaiweka rafuni bega kwa bega na insha ya Matayo, na katika kadi ya kila moja akaandika kwamba msomaji aitazame na ya pili.

Halafu akaomba ruhusa, akapanda basi kwenda Kang'ata. Nyumba ya Chausiku ya zamani ilikuwa imebaki miti tu. Mwaija alikunja kanga, akaingia kwa miguu kwenye udongo wa kukandika kuta upya, akaukanyaga kutwa nzima, huku shangazi yake amesimama juu yake akimwambia anakanyaga vibaya.