Wimbo Nilioimba Chini ya Dirisha la Meneja

Siku niliyopata ajira ya kudumu, watu kumi na wanane waliacha kunisalimia.

Sumbawanga, mwaka 1974. Tulikuwa vibarua thelathini, wapagazi wa ghala la mahindi pale Mazwi. Meneja akiamka vibaya, unarudi kwenu Ilemba siku hiyohiyo.

Tulitaka jambo moja: wote thelathini tuajiriwe.

Mimi ndiye niliyeongoza nyimbo za kubebea. Ushairi nilijifunza mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia sukari, na sikuona wa kunishinda. Nikitoa mstari, wenzangu wanajibu "Beba!" na gunia linakuwa jepesi.

Mwenyekiti wa kamati yetu, mzee Kasimiri, alikutana na meneja wiki tatu, mlango umefungwa.

"Shikamoo mzee. Mmefika wapi?"

"Marahaba. Bado tunaongea."

"Tunaobeba ni sisi. Tuna haki ya kujua."

"Utajua yakiisha. Mdomo wako hauna kifuniko."

Wenzangu wakacheka. Nikaliweka neno hilo moyoni.

Asubuhi moja ya baridi kali mzee Kasimiri akaniazima koti lake. Mfukoni nikakuta karatasi, mwandiko wake: "Tukibanwa kabisa, tukubali kumi na wawili, wa zamani kwanza."

Mimi nilikuwa na miezi minane tu.

Ametuuza. Nikaapa kumwaibisha mbele ya watu.

Lori lilipofika, nikapita na gunia chini ya dirisha la meneja, nikaachia:

"Kasimiri mwenyekiti, thelathini twangojea,
Kumbe kumi na wawili, kimya umewapokea."

"Beba!" wakajibu, kwa hasira.

Tuliurudia hadi mzigo wa lori ukaisha. Dirisha lilikuwa wazi. Meneja alikuwa anasikiliza, kidevu mkononi.

Jioni mzee Kasimiri akatoka ofisini na orodha. Hakupandisha sauti.

"Jana meneja alishafika ishirini na sita. Leo ameniambia, 'Ndugu Kasimiri, wimbo wenu unasema kumi na wawili.' Hakusogea tena."

Akaikunjua orodha.

"Kumi na mmoja ni wa zamani. Wa kumi na mbili meneja amemchagua mwenyewe. Anasema kijana huyu amemsaidia sana."

Akasoma jina langu.

"Mzee, si ungeniambia..."

"Ulitaka mambo yawekwe wazi. Nimeyaweka."

Akanyoosha mkono. "Koti langu."

Kesho yake nikabeba gunia, nikatoa mstari. Hakuna aliyejibu. Sijawahi kubeba gunia zito kama lile.

Mpaka leo nasema: kamati isiyowaambia watu chochote inajitafutia balaa. Lakini wewe unayetaka kuanika, kwanza tazama umesimama chini ya dirisha la nani.