Ombi la Mama kwa Wakubwa wa Pande Mbili

Katika kanisa letu la Butembo, wakati wa vita vya waasi kwetu, kila Jumapili tulikuwa tunaombea Israeli ishinde. Hakuna aliyeona ajabu. Majina tuliyosoma katika Biblia ndiyo yale yale redio ilikuwa inataja asubuhi, basi tulijua tuko upande gani hata kabla ya kusikia kilichotokea. Mimi nilikuwa msichana wa korali, na amina yangu ilikuwa na nguvu kama ya wengine.

Mama yangu aliuza maharagi sokoni. Tulifika Butembo tukikimbia kutoka Eringeti, nyumba yetu ilipochomwa. Baba alibakia kule, na hatukupata kumzika. Mama hakupenda kusimulia mambo hayo. Jioni alitega sikio kwa redio ya jirani huku akitoa mawe katika maharagi.

Jumapili moja, saa ya maombi, alisimama. Asubuhi ile redio ilikuwa imesema juu ya basi lililolipuliwa Israeli pamoja na abiria wake, halafu nyumba za Wapalestina zilizoangushwa kwa mabomu, watu wakiwa ndani.

“Niko na ombi,” alisema. “Leo tusiombe mutu ashinde. Tuombee bakubwa ba Israeli na bakubwa ba Palestina bakae pamoja, bazungumuze, baache kuua batoto.”

Mzee wa kanisa aliyeongoza maombi siku ile alimjibu kwa upole, kama mtu anayesahihisha mtoto.

“Mama, Israeli ni taifa ya Mungu. Lakini Palestina, inatuhusu nini?”

“Papa, Biblia unaijua kunipita. Mimi najua tu Eringeti. Bale balituchomea nyumba, nabo balikuwa na batu ba kubaombea ushindi.”

 Kwenye benchi la mbele alikaa komanda wa waasi waliotawala mji; walinzi wake walikuwa wanamngoja mlangoni. Nilitazama mgongo wake, nikajua atadhani amesemwa yeye, na Mama ametuponza. Lakini komanda hakugeuka. Mchungaji alisema tu, “Basi Mama, utuombeshe.”

Akaomba. Alimwomba Mungu aguse mioyo ya wenye kutoa amri, huku na huku, wachoke na maziko. Akamtaja mama Myahudi anayengoja mtoto ashuke kwenye basi, akamtaja mama Mpalestina aliyezuiwa na askari kwenye barrière, kizuizi cha njiani, asifike kwa watu wake. Amina zilikuwa chache. Yangu ilitoka kwa sauti ndogo, kwa sababu ya woga. Komanda alitoka bila kusalimia mtu.

Siku zilizofuata nilishtuka kila mlango ulipobishwa. Aliyekuja alikuwa yule mzee wa kanisa, na makemba, ndizi za kupika, mkononi.

“Sijageuka,” alisema akikaa. “Taifa ya Mungu ni taifa ya Mungu. Lakini binti yangu iko Beni, mu Bungulu, na njia imefungwa. Amezaa, sijaona mutoto. Pale uliombea ule mama wa ku barrière, nilimuona binti yangu. Jumapili uombe tena vile.”

Mama akampikia bugali, wakala wakizungumza juu ya mjukuu.

Aliomba tena Jumapili ile, na zingine nyingi. Familia fulani zilihamia kanisa lingine kwa hasira. Vita vya kule havikuisha, wala vya kwetu. Njia ya Beni ilipofunguliwa, binti wa mzee alikuja na mtoto aliyekwisha kujua kutembea.

Siku moja nilimuuliza Mama kama anafikiri wakubwa wale watamsikia, na sisi tuko mbali hivi.

“Hapana. Habanijue,” alisema. “Lakini lazima mutu abaambie baache. Sisi tunalia juu ya vita yetu. Kama tunashangilia vita ya bengine, tutaomba nani atuhurumie?”

 Tangu siku hiyo sijaweza tena kuombea upande mmoja.