Uwanja Alioufyeka Mama

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akijisifu mbele yangu kwamba amefungua eneo la kufugia kuku. Katapila liliingia asubuhi, mchana likawa limemaliza, na jioni mafundi wakaanza kusimamisha banda. Nikamwambia hongera, ila wewe hujafyeka, umefyekewa. Alicheka akidhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo. Mimi najua pori linavyotoka, na nikilikumbuka lile la Nyabusozi viganja bado vinaniwasha.

Sisi ni Wahangaza, asili yetu ni Bukiriro, kule Ngara, kwenye migomba. Ukizaliwa Bukiriro huwezi kuelewa pori ni kitu gani, maana kila mti unaouona umepandwa na mtu, na huyo mtu unamfahamu. Baba alipofariki, baba mdogo alianza kuingia kwenye migomba yetu na kukata ndizi bila kupiga hodi. Baadaye akawa anamwelekeza mama pa kulima na pa kuacha. Mama hakugombana naye. Aliposikia kwamba huko Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo, kijiji kinagawa pori kwa watu wenye nguvu ya kulifungua, alikusanya masufuria, majembe na sisi watoto wake, mimi na mdogo wangu wa kiume, tukapanda juu ya lori lililokuwa likirudi tupu. Bibi, mama yake baba, alitusindikiza mpaka barabarani akiwa na uchungu wa kubaki na baba mdogo peke yake. Alimwambia mama, "Kuku wako ninao mimi. Safisha kwanza, nitakuletea."

Mwenyekiti wa kitongoji alituonyesha eneo letu kwa kunyoosha fimbo tu, kutoka mti ule hadi kichuguu kile. Masharti yake yalikuwa mafupi. Mvua za vuli zikikuta bado ni pori, anapewa mtu mwingine. Kisha akamtazama mama kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza mwanaume wetu yuko wapi.

"Alishafariki," mama akamjibu. "Nimekuja mimi."

Basi tukaanza. Tulijenga kibanda cha nyasi, tukalala humo, na asubuhi mama akishika shoka sisi tunashika panga. Lilikuwa pori la miyombo, limefungamana na vichaka vya miiba, na mbung'o wake walikuwa hawana adabu. Wanakuuma juu ya nguo, na ukimpiga mmoja anaondoka kana kwamba umempapasa. Mchana tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyonuka moshi, kwa mikono iliyojaa malengelenge. Mdogo wangu alilia kutaka ndizi za Bukiriro. Mama alimwambia alie huku anabeba matawi, na kweli akawa analia huku anabeba.

Kosa letu lilikuwa la Kingara kabisa. Kwetu shamba husafishwa kwa jembe, unachimba mpaka mzizi wa mwisho na kuupukuta udongo, na mwanamke anayeacha mizizi nyuma yake husemwa kijiji kizima. Mama alilichukua pori la Biharamulo akalifanyia hivyohivyo. Wenzetu wa maeneo ya jirani walikata mti usawa wa kiuno, wakachoma, wakapanga kupanda mahindi katikati ya visiki. Sisi tulikuwa ndani ya mashimo tukipigana na mizizi minene kuliko mapaja yangu. Watu wakipita wanasimama kutuangalia. "Wahangaza wanalima miti," walisema, na wakaondoka wakicheka.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa jirani yetu, mzee ambaye wazazi wake walihamia kutoka Burundi. Lakini yeye alicheka kisha akarudi na kikapu cha mavi makavu ya ng'ombe. "Mama, utakufa na jembe mkononi," alisema. "Chimba pembeni tu, jaza haya, weka makaa, funika. Kisiki kitajila chenyewe wewe ukifanya mengine." Mama alikubali moto, na kuanzia hapo pori letu likawa linafuka moshi kila kona, harufu yake ikatuingia hadi kwenye nywele. Lakini kisiki kilichobaki nusu alikikataa. Alisema chini ya kisiki ndiko nyoka hulala na kicheche hujificha, na yeye hasafishi uwanja ili alishe vicheche. Uwanja wa kuku lazima uonekane wote ukiwa umesimama mlangoni. Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake.

Katikati ya kazi hiyo, baba mdogo akaja kwa baiskeli. Alizunguka eneo letu mikono ikiwa nyuma, akihesabu kwa macho miti iliyobaki, kisha akasimama kwenye ukingo wa shimo ambalo mama alikuwa amezama hadi magotini.

"Shemeji, umejaribu," akasema kwa sauti ya huruma. "Rudi nyumbani ulee watoto. Hapa nitaongea na mwenyekiti nipachukue mimi, ni mali ya familia."

Mama hakutoka shimoni. Alimnyooshea jembe kwa upande wa mpini, akamwambia, "Karibu, shemeji." Baba mdogo alikumbuka kwamba ana safari ndefu, akaondoka hata chakula hakijaiva. Nilimpenda sana mama siku ile. Mpaka leo mtu akinionea huruma kwa sauti ya namna ile, huwa namtafutia jembe.

Mawingu yalianza kujikusanya sisi tukiwa bado na upande wa kichuguu. Tukaacha kwenda kisimani mchana, tukaacha kukaa chini kula. Mama alikata, mimi nikang'oa, mdogo wangu akaburuta. Manyunyu ya kwanza yalitukuta tunafagia. Ndiyo, tulifagia pori, na halikuwa pori tena, lilikuwa uwanja mwekundu, laini, usio na kisiki hata kimoja, na nyumba ya miti na udongo katikati yake.

Bibi akaja na tenga la kuku, amekaa nalo juu ya lori kama malkia. Majike wakafunguliwa kamba miguuni, wakasimama kidogo wakishangaa, kisha wakaanza kuparura. Kesho yake alfajiri jogoo aliwika, na mbali kwa mzee wa Kirundi jogoo mwingine akamwitikia. Mama alilia waziwazi, akiwa na ufagio mkononi.

Siku chache baadaye mwenyekiti alikuja kukagua, na pembeni yake, kwenye baiskeli ileile, alikuwa baba mdogo. Tukawaamkia shikamoo, wakaitika. Mwenyekiti alizunguka, akakiri hajaona uwanja wa namna ile. Ndipo baba mdogo akasema kwamba anashukuru, na kwamba eneo liandikishwe kwake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mji, mkuu wa kaya, na hawa ni watoto wa kaka yake. Mwenyekiti akakuna kidevu, akasema tuzungumze baada ya kula. Nikaona kwamba alikuwa anaelekea kukubali.

Mama alichinja kuku kwa mkono wake, akapika, akaandaa. Sasa kama hukukulia kwetu nikueleze: firigisi ni ya mwenye mji. Mtoto haigusi, na mwanamke huipika tu, akaiweka juu ya bakuli ili mwenyewe aione. Baba mdogo alinawa mikono, akachukua kijiko, akaanza kugeuza finyango moja baada ya nyingine. Akageuza tena. Sote tulikuwa tunamtazama.

"Shemeji, firigisi iko wapi?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Nimeila," akasema.

Baba mdogo akamgeukia bibi, mama yake mzazi, akitegemea kusikia kemeo. Bibi alikuwa anamega tonge. "Kula, mwanangu," akamwambia. "Ugali unapoa."

Mabega ya mwenyekiti yakaanza kucheza kwa kicheko. "Basi," akasema, "mji huu una mwenyewe." Na eneo likawa la mama.

Miyombo ile imekwisha yote sasa, hata mbung'o wameondoka. Bibi hayupo, mama hayupo. Kuku wanakuja kwenye makreti, na ukipita njia panda ya Nyakanazi utakuta firigisi zimetungwa kwenye vijiti juu ya jiko la mkaa, anakula yeyote, hata dereva asiyejua atalala wapi. Wanangu wanaziona ni kitafunwa tu, na nikiwaeleza kwamba kipande kile kiliwahi kutupa ardhi wananiambia mama umeanza. Waseme. Kwangu kuku akichinjwa, firigisi naila mimi, tena taratibu, nikiwa nimekaa mahali ambapo kila mtu ananiona.